Zamu ya Usiku

Machi, kisiwa cha Hiiumaa, barafu imeshika ufuo.
Jikoni kwa Maimu, juu ya friji iliyokufa,
sanduku la mbao nyepesi: balbu moja, feni moja,
mota iliyong'olewa kwenye waipa za gari,
mayai kumi na moja ya bata bukini,
na kibao cha kijani kisichozidi biskuti kwa upana,
ndicho msimamizi wa yote.

Indrek, mtoto wa kaka yake, aliandika programu
akiwahi kivuko cha Jumapili:
pima joto, washa au zima balbu,
geuza mayai, ngoja saa moja. Rudia.

Na kibao kikangoja.
Subira huvuta heri, lakini hii ilikuwa subira ya jiwe.
Balbu iliachwa inawaka. Joto likafika thelathini na tisa,
arobaini, arobaini na moja,
na hakuna aliyesoma.
Maimu alishuka kunywa maji, akabonyeza kitufe cha kuzima.
Akabonyeza tena. Ni kama kupiga hodi
kwenye nyumba ambayo mwenyewe yumo, amesimama wima,
anahesabu.

Alivunja yai moja juu ya sinki. La pili hakulivunja.

Jioni alivaa miwani, akatandaza karatasi ya programu
pale anapokatia mkate mweusi.
Lugha ile hakuijua, ila neno moja lilimkera. Akapiga simu.
"Hili la mwisho maana yake nini?"
"Ngoja, shangazi."
"Nangoja. Niambie."
"Ndiyo maana yake. Ngoja."
Kimya kirefu. Kisha:
"Kumbe huyu analala zamuni."

Miaka thelathini na mmoja alikuwa muuguzi wa usiku, Haapsalu,
wodi ya nne, vitanda kumi na viwili, yeye peke yake.
Huketi kitanda cha tatu ukisubiri dripu iishe
wakati kitanda cha tisa kinakoroma vibaya.
Unatembea. Viatu vya mpira, daftari mfukoni.
*Mzee Ülo, dripu, saa nne na dakika kumi.*
*Mama wa Käina, kidonge, saa tano kasorobo.*
Ukifika unatazama saa ya ukutani,
unatoa wakati ule katika wakati huu:
muda umetimia? Bado. Pita.
Umetimia? Bado. Pita.
Umetimia: fanya, andika saa mpya, pita.
Kengele ikilia popote, upo,
kwa kuwa hukujifungia popote.

Indrek aliandika alivyosomewa, akilini akiona aibu kidogo.
Ngoja ikafutwa. Ngoja ngoja ilishaumiza matumbo kumi na moja.
Sasa kibao kinazunguka wodi yake
mara maelfu kila sekunde, hakikai:
joto, sawa; mayai, bado dakika sita;
kitufe, hakuna mtu; joto, sawa.
Maimu akagusa kitufe, kujaribu tu.
Balbu ikazima kabla hajaondoa kidole.
Akacheka peke yake, kwa sauti.

Kibao hakijui Jumanne wala Pasaka.
Siku yake ilianza kilipochomekwa ukutani,
kama saa zetu zinavyoanza na macheo.
Ila siku ya hamsini, Indrek alionya, hesabu hujaa pomoni,
namba zote hurudi sifuri.
"Sijui mayai yatakuwaje, shangazi."
"Dripu ya saa sita kasoro kumi usiku," akajibu,
"nikiitazama saa sita na kumi, tarehe imebadilika,
nimefungua ukurasa mpya. Zimepita dakika ngapi?"
"Ishirini."
"Basi. Fanya kutoa, usiulize ni leo au jana."

Mei, siku ya hamsini, mchana. Mayai mengine, ya jirani.
Maimu anamenya viazi, jicho moja sandukuni.
Wakati ule ukaja, haukuwa na sura.
Baadaye mota ikaguna, mayai yakalala ubavu wa pili.
Alifuta mikono, akatazama ukutani,
akaandika saa kwenye daftari la zamani,
akatoka kuanua nguo.